Ni Digidigi Tu

Saa saba za usiku zilikuwa zimepita. Tulikuwa tumeiacha Maungu nyuma, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, abiria wamelala, vichwa vimelegea kwenye vioo, na waliokuwa macho ndani ya basi ni watatu: dereva, kondakta, na mimi niliyekaa kiti cha pili upande wa njia. Nikasikia kishindo chini ya miguu yetu, kidogo, kama dafu lililoangukia mchanga. Basi halikuyumba. Breki hazikuguswa. Kondakta alisimama, akachungulia kioo cha mbele ahakikishe taa zote mbili bado zinawaka, akarudi kukaa. Nikamwuliza kulikoni. "Ni digidigi tu," akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini. "Lala, ndugu yangu. Saa kumi na moja tuko Nairobi."

Nimelibeba neno hilo, "tu", tangu usiku ule. Majumbani mwetu ni neno la unyenyekevu: nimepita kukuamkia tu, nipe maji tu yanatosha. Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi limepewa kazi nyingine. Nimesikia fisi tu. Nimesikia nungunungu tu, nyani tu, kanga tu. Siku moja Mtito Andei, mji wa katikati ya njia, kwenye meza ya chai, nilimsikia dereva akisimulia habari ya "mbwa mwitu wawili tu", naye hakujua kwamba mbwa mwitu ni miongoni mwa wanyama walao nyama walio adimu kabisa Afrika, na kwamba kundi lao huwinda na kulea watoto kwa pamoja, hata likipotelewa na wakubwa wawili huenda likashindwa kuwalisha wadogo. Lakini sijapata kumsikia dereva akisema ndovu tu. Wala nyati tu, wala twiga tu. Hao huvunja gari na kuua waliomo. Basi "tu" yetu ni kipimo cha bampa: kisichoharibu bampa hakihesabiwi.

Digidigi mzima, yule paa mdogo wa nyika, ana kilo tano hivi, uzito wa kuku wawili watatu wa kienyeji. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika kipande chao cha nyika ambacho wanakijua kila kichaka. Hawahami ovyo. Ukimwona mmoja amevuka lami, mara nyingi mwenzake yuko nyuma yake, na ukimgonga mmoja, yule mwingine hubaki pale pale kando ya barabara iliyomlia mwenziwe. Jambo hili si la kubahatisha. Kila anayeyajua maisha ya mnyama huyu atakwambia. Kwa dereva lina faida ya moja kwa moja: macho mawili yakishapita mbele ya taa, huenda kuna macho mawili mengine yanayokuja.

Ukiwauliza madereva wetu, watakujibu kwa ule msemo wa siku zote, ajali haina kinga. Nimeusikia matangani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na matangani mahali pake ni pazuri, kwa sababu humpa mfiwa kitu cha kushika. Kwenye usukani umegeuka kuwa kibali. Neno ajali, huko Uarabuni lilikotoka, ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Mwendo wa gari haukuandikwa na yeyote. Unachaguliwa na mguu wa kulia, dakika kwa dakika.

Tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo shauri lote lilipo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva asiye na usingizi huchukua kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione kitu hadi mguu ufike kwenye breki, kwa hiyo mita 25 zimekwisha kwenda kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Breki zenyewe, kwa gari dogo na lami kavu, zitataka mita 20 zaidi. Jumla mita 45. Kwa mwendo wa 80 jumla hukaribia mita 70. Kwa 110 jumla hupita mita 110. Umbali wa breki hauongezeki sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinataka nafasi mara nne.

Sasa tazama taa. Barabara ile usiku ni mstari wa trela usiokatika, zinapanda na kushuka, na mtu muungwana hawezi kumwashia mwenzake taa kali usoni. Unashusha taa. Taa zilizoshushwa hukuonyesha mbele yako vizuri kwa mita 50 hivi, pengine chache zaidi gari likiwa jipya na kioo kikiwa safi. Anayekwenda 60 anaweza kusimama ndani ya mwanga wake mwenyewe. Anayekwenda 80 kuna mita 20 anazoziendesha bila kuziona. Anayekwenda 110 anaendesha kipofu mita 60, na trela lililosheheni makontena linataka nafasi kubwa kuliko hesabu hizi zote.

Kwa maana hiyo yule digidigi wetu hakuuawa pale alipogongwa. Uamuzi ulifanywa kilomita nyingi nyuma, wakati dereva alipochagua mwendo usiolingana na mwanga wake. Tena ulifanywa kabla ya hapo. Kutoka Maungu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 340. Basi la abiria kwa sheria halitakiwi kuzidi 80 kwa saa, na tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, limetakiwa kuwa na kidhibiti mwendo. Mtu anayeniahidi Nairobi saa kumi na moja, nasi Maungu tumeipita saa saba na zaidi, na katikati kuna kusimama Mtito Andei watu wanyooshe miguu na wanywe chai, ameniambia bila kujua kwamba kidhibiti kile ni pambo.

Marehemu mjomba wangu aliendesha trela kutoka bandari ya Kilindini hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, kwa zaidi ya miaka 20. Hakuwa mtu wa mahubiri. Akifika Voi alikuwa akinywa mkandaa wa moto, chai isiyo na maziwa, bila kitafunio, analowesha kitambaa, anafuta taa za mbele mpaka zing'ae, kisha kutoka hapo hadi Mtito Andei hapiti 60 awe na nani nyuma yake. Nilisafiri naye wakati wa likizo za shule, na ni kutoka kwake nilikojifunza kuitazama barabara. Alinionyesha macho ya swala yanavyong'aa, na jinsi ya kutofautisha macho ya mnyama anayelisha kwa utulivu na yale ya mnyama aliyekwisha amua kukimbia. Alinifundisha kwamba ndovu usiku huwa hana macho: ngozi yake ni rangi ya lami na vumbi, taa zinamwangukia zikafia hapo hapo. "Mjomba," alikuwa akiniambia, kwa maana ndivyo tulivyoitana sisi kwa sisi, "ndovu utamjua taa za anayekuja zikizimika ghafla na hakuna kona. Hapo kuna kitu kimesimama baina yenu." Na lingine alilokuwa akilirudia kila safari: mnyama hana leseni, mwenye leseni ni mimi.

Alinikataza pia jambo moja ambalo madereva wengi wapya hulifanya kwa huruma, nalo ni kukwepa. Trela lililobeba tani zaidi ya 20, ukilikatia usukani ghafla, kichwa kinakwenda huku na mzigo kule, na watakaokufa ni watu. Kwa hiyo hoja yangu isichukuliwe kwamba dereva ajitupe mtaroni kwa ajili ya sungura. Aliyeshuka hadi 60 hana haja ya kukwepa. Anakanyaga breki akiwa ameshika usukani sawasawa, anapiga honi, anasubiri. Anayelazimika kuchagua kati ya mnyama na abiria wake ni yule aliyekwenda mbio kiasi cha kujinyima njia ya tatu.

Na hapa lazima niwatetee madereva, maana si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo wa wengi. Dereva wa trela analipwa kwa safari, na tajiri anaifuata gari yake kwenye simu: mbona umesimama Voi, mbona unajikokota? Mzigo unangojwa Kampala, Kigali, Juba. Dereva wa basi ana saa ya kufika iliyobandikwa ukutani ofisini, na akichelewa ni yeye anayetukanwa na abiria, mimi nikiwamo siku zangu za ujana. Sote tuliolala mle ndani tulikuwa tumenunua saa kumi na moja. Ile "tu" ya kondakta ilitoka mdomoni mwake, lakini tuliigharamia kwa tikiti zetu.

Tena bei yenyewe ni ndogo mno. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni kama kilomita 100, na hicho ndicho kipande kinachopasua mbuga za Tsavo katikati, Mashariki mkono mmoja na Magharibi mkono wa pili. Kwa 80 utakimaliza kwa saa moja na robo. Kwa 60, saa moja na dakika 40. Tofauti ni dakika 25. Foleni ya Changamwe, tukitoka Mombasa, peke yake inatunyang'anya zaidi ya hapo na hatumpigii mtu kelele. Nimejaribu mara nyingi kutafuta hoja ya uchumi inayoweza kuzishinda dakika 25 katika safari ya saa nane au tisa, na sijaipata.

Kuna jambo linalonikera kila nipitapo milango ya mbuga. Ndani ya lango la Voi au Manyani, mwendo uliowekwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ni kilomita 40 kwa saa. Toka nje ya lango, rudi kwenye lami, na ghafla gari dogo linaruhusiwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Swala ni wale wale. Ndovu ni wale wale, na Tsavo ndiyo yenye ndovu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Hakuna mnyama aliyeambiwa kwamba mpaka umepita hapa. Mbuga zote mbili zilitangazwa kwa pamoja mwaka 1948, wakati reli ilikuwa imekwisha kuikata nyika ile kwa nusu karne. Barabara ikaja ikatiwa lami. Mwaka 2017 ikaja reli ya kisasa juu ya tuta lake refu. Mnyama anayetoka Mashariki kwenda kunywa Magharibi siku hizi anavuka vitu vitatu.

Reli ya kisasa ilijengewa njia za chini kwa ajili ya wanyama, na ndovu wamejifunza kuzitumia. Hilo nalipongeza kwa moyo safi. Lakini fuata nyayo zao utaona palipokosewa: wakishatoka upande wa pili wa tuta, mbele yao mara nyingi kuna lami isiyo na daraja, isiyo na tuta la kupunguza mwendo, isiyo hata na taa ya kumwonya dereva kwamba hapa ndipo njia ya chini inapotokea. Tumewafungulia mlango unaotokea barabarani. Mahali penyewe panajulikana, hapahamihami kama mvua. Kuyawekea vibao na matuta maeneo hayo machache si kazi ya kushinda serikali iliyojenga reli nzima.

Wengine huuliza kwa nini mnyama mwenye kilomita za mraba zaidi ya elfu ishirini asikae huko huko. Jibu liko kando ya lami. Mvua ikinyesha kidogo, maji hutiririka kutoka barabarani hadi ukingoni, na nyasi za ukingoni hubaki kijani wiki kadhaa baada ya nyika nzima kugeuka rangi ya kamba. Swala na pundamilia huzifuata. Trela za nafaka kutoka bandarini humwaga punje njiani, na kanga, kwale na panya huzifuata. Panya nao hufuatwa na bundi, ambaye huruka chini chini kimo cha kioo cha gari. Nyoka hupenda joto la lami baada ya jua kutua. Nyani hufuata maganda ya ndizi na mifuko ya mkate tunayoitupa madirishani, na hili la nyani tunalifanya kwa mikono yetu, mchana kweupe, tukicheka. Kisha kuna mzoga wenyewe. Digidigi aliyeachwa katikati ya barabara usiku humwita fisi na bweha, na kukicha huwaita tai na tumbusi, ndege wazito wasioweza kuruka haraka wakishashiba. Kifo kimoja kikiachwa juu ya lami huzaa vingine vitatu.

Wakati wa kiangazi mambo huzidi. Katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, Kenya ilipoteza ndovu 205 kwa hesabu ya serikali, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mnyama mwenye kiu hasubiri giza wala hasikilizi honi. Anayepita Tsavo miezi ile ya ukavu kwa mwendo ule ule wa miezi ya mvua hajaitazama nyika inayompita dirishani.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya ziada ya kulijali hili. Sehemu ya maji ya mji huu yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yanasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka mifereji ya nyumba zetu. Ni maji ya chemchemi zile zile wanamooga viboko na wanakokunywa ndovu, ndiyo yanayofika Tononoka. Sisemi kwamba tunamlipa digidigi kwa maji. Nasema kwamba tuna uhusiano na mahali pale, na mtu hupita mbele ya nyumba ya jamaa yake kwa adabu.

Wala haihitajiki kwenda Voi. Vuka Likoni, shuka Ukunda, ingia barabara ya Diani inayopita katikati ya mabaki ya msitu wa pwani. Huko aliyeko hatarini ni mbega, yule mwenye joho jeusi na mashada meupe mabegani, ambaye kwa Kenya anapatikana hapa pwani ya kusini tu. Mbega hana kidole gumba cha maana, ameumbwa kwa ajili ya matawi, na akishuka ardhini hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Miti ya pande mbili ilikuwa ikigusana juu ya njia. Ilipokatwa kupisha majumba na lami, mbega akalazimika kushuka. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe, hung'ang'ania kifua cha mama, na mama akigongwa, mara nyingi wanaanguka wote wawili.

Lakini Diani pia ndiko lilikofanyika jambo ambalo ningependa kila diwani wa pwani alione. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza kazi mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, na mbega, kima na tumbili wanayapita kila siku juu ya vichwa vya tuktuk na bodaboda. Nimesimama chini yake asubuhi moja nikahesabu kima 11 wakivuka, wa mwisho akiwa amebeba mtoto, na matatu zilikuwa zinapita kana kwamba hakuna kitu. Vifaa vya daraja lile ni vitu vya kawaida. Kilichokuwa adimu ni watu waliokaa kando ya barabara kwa muda wa kutosha kujua mnyama anapenda kuvukia wapi.

Hapa Kenya kuna mfano mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ndovu walianza kupita chini ya barabara kuu karibu na Timau, kwenye njia ya chini iliyojengwa kuunganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, ndovu dume aliyeitwa Tony akiwa wa kwanza. Kwa hiyo tunajua kujenga. Mipango ya kuipanua barabara ya Mombasa na Nairobi imezungumzwa miaka mingi, na siku itakapopanuliwa, kama michoro haitakuwa na njia za chini kati ya Voi na Mtito Andei, tutakuwa tumejenga ukuta wa magari.

Kabla ya siku hiyo, kuna la kujifunza kwa jirani. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Aliyepita kule kwa basi anayajua matuta yake, na anavijua vibao vinavyomweleza dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga, mmoja mmoja kwa jina lake. Watu hugombana na matuta yale. Hata hivyo dereva akikaribia Mikumi mguu wake unanyanyuka, na abiria wanaamka kutazama nje. Nilichokipenda ni vile vibao. Kumwandikia swala bei yake ni kumwondolea ile "tu". Kwetu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, nayo ni haki, hata kama malipo huwachukua watu miaka. Upande wa pili wa mizani, yaani mnyama aliyeuawa na mwendo wa mtu, katika safari zangu zote kati ya Mombasa na Nairobi sijapata kuona kibao kinachomkumbusha dereva kwamba kuna deni.

Na akishagonga? Hili nalo lina namna yake, na wengi hawajawahi kuelezwa. Usisimame ghafla katikati ya trela zinazokuja nyuma. Tafuta pembeni palipo salama, washa taa za tahadhari. Mnyama mkubwa aliyejeruhiwa usimkaribie hata kama amelala kimya, na usishuke ovyo usiku katika nchi ya simba. Shika alama ya mahali, jina la kituo kilicho karibu, kisha toa taarifa kwenye lango la mbuga linalofuata. Voi wapo, Mtito Andei wapo, Manyani kipo hata chuo cha askari wenyewe wa wanyamapori. Mnyama mwenye mguu uliovunjika anaweza kukaa kichakani siku mbili akingoja kufa, na simu moja ingemfupishia. Mzoga mdogo, kama ni mchana na barabara ni nyeupe, uvute utoke kwenye lami ili tai asiufie. Usiutie kwenye buti. Nyama ile ni nyamapori, na kukutwa nayo ni kosa hata kama hukuikusudia.

Najua wapo watakaosema watu wenyewe wanakufa barabarani kila wiki, wewe unalilia digidigi. Nimezika jamaa waliokufa kwenye barabara ile ile, na sikubali kwamba ni vilio viwili. Mwendo uliomuua digidigi bila dereva kumwona ndio unaomuua mama anayevuka barabara pale mjini Mackinnon Road na mtungi kichwani, na fundi aliyeinama kando ya trela lililoharibika bila taa. Dereva aliyezoea kusikia kishindo chini na asiangalie nyuma amejizoeza jambo ambalo siku moja halitakuwa digidigi. Chuoni, kwenye madrasa, tulipokuwa wadogo, maalimu alitusimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Tulishangaa, paka mmoja? Maalimu hakutufafanulia. Alirudia tu, paka mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwembe Tayari kukata tikiti. Nilimwomba karani wa ofisi ya basi jambo moja, kwamba saa ya kufika isogezwe mbele dakika 25, na dereva aambiwe wazi kuwa Voi hadi Mtito Andei ni 60. Alidhani natania. Nikamtolea hesabu ile ya taa na breki nyuma ya risiti, akaisoma mpaka mwisho, akamwita dereva mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, naye akaisoma. Yule mzee akasema hesabu ni kweli, na kwamba yeye mwenyewe akiachiwa atakwenda hivyo hivyo. Karani akakuna kichwa. "Peke yako siwezi kumpelekea mwenye basi," akaniambia. "Lete wenzako, abiria wa kila mara, wasaini." Nimeanza na watu wa mtaani kwetu, hapa Majengo. Mpaka jana usiku tulikuwa 34.